Kilio Huanza Mfiwa: Fasihi Simulizi na Mafunzo ya Wasanii Wenyeji katika Tiba ya Kiwewe, Kivu

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili ambazo kwa kawaida hutajwa mbalimbali, lakini zikiwekwa pamoja huzua mjadala. Ya kwanza ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili ni "Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia." Ya kwanza humsifu mgeni kwa kuwa ujio wake huleta nafuu nyumbani. Ya pili huweka utaratibu: mwenye msiba ndiye atoaye sauti ya kwanza, naye jirani huifuata sauti hiyo, haitangulii. Makala haya yanakusudia kuzitumia methali hizi mbili kuhakiki jambo lililoenea sana tangu miaka ya 1990, yaani kuwafunza wenyeji wa nchi zenye vita, wakiwemo walimu, wanamuziki, waigizaji na wauguzi, namna ya kutumia muziki na sanaa nyingine pamoja na watu walioumizwa na vita bila ya kuwaumiza upya.

Jambo hili kwa kawaida huzungumzwa na matabibu wa akili na mashirika ya misaada. Wahakiki wa fasihi wamekuwa watazamaji tu. Msimamo wetu ni kwamba utazamaji huo haufai. Vitu vinavyotumika katika kazi hiyo, yaani wimbo, kiitikio, hadithi, maigizo na ngoma, ndivyo tunavyovifundisha katika madarasa ya fasihi simulizi. Anayefunzwa kumwimbisha mjane wa vita hufunzwa, atake asitake, nadharia fulani ya fasihi: nani fanani na nani hadhira, nini kisemwe wazi na nini kifumbwe, na utungo ni mali ya nani ukishatungwa. Ikiwa nadharia hiyo ina kasoro, atakayeathirika si mwanafunzi wa mtihani bali mtu aliyekwisha kuumia.

Mifano yetu mikuu tutaitoa Kivu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sababu ni mbili. Kwanza, Kiswahili ndicho lugha ya mawasiliano ya eneo hilo, na kwa hiyo uhakiki wa Kiswahili una haki na wajibu wa kulitazama. Pili, vita vya huko haviwezi kusemwa kuwa vimepita. Mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, nao Bukavu ukafuata mwezi wa Februari. Nadharia yoyote inayotanguliza neno "baada ya" mbele ya dhiki ya watu hao lazima ijiulize ni baada ya nini.

Suala la Istilahi

Neno linalotumika zaidi katika maandishi ya Kiswahili kwa hali hii ni kiwewe. Katika matumizi ya kawaida, mtu mwenye kiwewe ni yule aliyepigwa na bumbuazi kwa hofu, asiyejua ashike lipi aache lipi. Kwa hiyo neno hili latuonyesha wakati wa tukio. Lakini wanachokiona matabibu ni hali inayodumu: tukio limekwisha, nao mwili unaishi kana kwamba liko mlangoni. Lugha yetu haikosi namna ya kuieleza hali hiyo. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka" ni methali iliyobeba maelezo kamili ya jambo hilo. Ung'ongo si nyoka, na akili yalijua hilo, ila mwili hauambiliki. Nayo "Mwenye kovu usidhani kapoa" yamwonya mtazamaji asihukumu kwa sura ya nje.

Umuhimu wa methali hizi si wa kupamba maandishi. Elaine Scarry (1985) alieleza kwamba maumivu makali huiharibu lugha yenyewe na kumrudisha mtu kwenye sauti zisizo maneno. Judith Herman (1992) naye alipanga kupona katika hatua tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, halafu kuungana tena na watu. Mkufunzi anayetoka katika warsha akiwa na istilahi ya Kifaransa au ya Kiingereza tu hulazimika kuitafsiri pale pale mbele ya mtu anayelia. Na hata akipewa mwongozo wa Kiswahili sanifu hajaondokewa na tatizo, kwa kuwa Kiswahili cha Kivu kina mofolojia na msamiati wake, na kwa wengi Kiswahili cha vitabuni ni lugha ya pili ya kigeni. Msomaji wa Kenya atakumbuka yaliyotokea Kamĩrĩthũ mwaka 1977, ambapo wanakijiji waliwasahihisha Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ juu ya Kikuyu cha tamthilia. Wakulima walikuwa wajuzi wa lugha ya maisha yao kuliko wasomi. Kivu pia mwenye ujuzi wa maneno ya dhiki ni mwenye dhiki.

Ung'ongo Hujulikana na Mwenyeji

Maandishi mengi ya mashirika huanza kwa dhana kwamba muziki ni kitu chema kwa asili yake. Historia ya Maziwa Makuu haikubaliani na dhana hiyo. Mwaka 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi kifungo cha miaka 15 kwa kuchochea hadharani mauaji ya kimbari. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwaka 1994, wala si nyimbo zenyewe. Hata hivyo, mahakama ilitambua kwamba nyimbo zake zilitumiwa katika kampeni ya kuwachochea watu wawashambulie Watutsi. Kwa aliyezisikia nyimbo hizo akiwa mafichoni, lahani ile inaweza kuwa ndio ung'ongo wenyewe.

Hapa ndipo hoja ya kumfunza mwenyeji inapopata uzito wake. Wenye mipango husema mwenyeji hugharimu kidogo kuliko mgeni, na kwamba yeye habebwi na ndege mapigano yakizidi. Sababu hizo ni za kweli, lakini si za msingi. Sababu ya msingi ni ya kifasihi: mwenyeji ndiye ajuaye historia ya utendaji wa kila utungo. Anajua wimbo upi uliimbwa na wapiganaji walipoingia kijijini, ngoma ipi ilipigwa mazishini, na jina lipi likitajwa katika hadithi litawafanya nusu ya washiriki wainamishe vichwa. Mgeni hata akiwa stadi wa ala husikia mdundo tu. Mwenyeji husikia mdundo pamoja na yote yaliyowahi kutendwa chini yake.

Lakini tusimtukuze mwenyeji kupita kiasi. Kuwa mwenyeji pia ni kuwa na upande. Vita vya mwaka 1993 vya Walikale na Masisi viliwagonganisha watu waliojiita wenyeji, wakiwemo Wanyanga na Wahunde, na Wakongo wenye asili ya Rwanda. Neno "mwenyeji" lenyewe lilikuwa miongoni mwa silaha. Kwa hiyo mafunzo yanayomchagua mtu kwa sababu ni wa hapo, bila ya kumtaka ajichunguze anasimama wapi katika historia ya hapo, yanaweza kumpa mamlaka juu ya watu wanaomwogopa. Uenyeji ni sharti la kazi hii, lakini hautoshi.

Fanani na Uanagenzi Wake

Kosa la pili la maandishi hayo ni kudhani kwamba warsha ndiyo inayoleta mafunzo mahali pasipokuwa na mafunzo. John Janzen katika kitabu chake Ngoma (1992) alionyesha kwamba neno hilo, katika lugha nyingi za Kibantu, lina maana ya ala, wimbo, uchezaji na pia uganga. Alifanya utafiti Kinshasa, Dar es Salaam, Mbabane na Cape Town, akaona muundo unaorudiarudia: mtu huugua, huingizwa katika kundi la waliougua kabla yake, huimbiwa na kuimba, na mwisho baadhi ya waliougua hugeuka kuwa waganga. Victor Turner (1968) alikuwa ameeleza mambo yanayokaribiana na hayo miongoni mwa Wandembu wa Zambia. Kwa lugha ya leo tungesema huo ni mfumo wa kuwafunza wataalamu wa nyumbani, na tofauti ni kwamba uanagenzi wake huanzia katika maumivu ya mwanagenzi mwenyewe na huchukua miaka.

Kivu yenyewe ina mfano ulio wazi zaidi kwa mwanafunzi wa fasihi. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, ulitambwa mwaka 1956 na fanani Candi Rureke kwa muda wa siku 12. Alisimulia, akaimba, akacheza, huku wasaidizi vijana wakipiga ala na kuitikia. Vijana hao walikuwa wakijifunza kwa kushiriki. Utendi ni habari ya mtoto ambaye babake, Shemwindo, alitaka kumwua kwa kuwa hakutaka mtoto wa kiume. Mwindo humfuatia babake hadi kuzimu. Lakini kilele cha utendi si kisasi. Ni baraza la watu wote ambamo Shemwindo hukiri uovu wake, shangazi Iyangura husema lililo kweli, na Mwindo husamehe. Kabla ya hapo waliokufa hufufuliwa kwa kupungiwa usinga wake.

Tunaona hapa mpangilio unaolingana na hatua za Herman, ingawa utendi ulitambwa miongo kadhaa kabla ya kitabu chake. Hakuna anayeulizwa habari ya jeraha lake kabla ya kijiji kusimama tena. Ukiri hutoka kwa mkosaji, haudaiwi kwa mwathiriwa. Aidha, mambo haya husemwa ndani ya umbo lenye mipaka. Utambaji una mwanzo unaotambulika na mwisho unaotambulika, kama vile "Paukwa" na "Pakawa" za pwani zinavyomwingiza na kumtoa msikilizaji. Kumbukumbu ya kiwewe haina kianzio wala kimalizio. Huingia bila hodi na haiagi. Kazi ya fanani aliyefunzwa vyema ni kuiazima kumbukumbu hiyo kianzio, kiitikio na kimalizio, ili mwenye nayo aweze kuishika kwa muda na kuiweka chini.

Hata hivyo, tahadhari tuliyoitoa juu inauhusu utendi huu pia. Ni urithi wa Wanyanga, na Walikale ni mahali damu ilipomwagika kwa jina la urithi. Kuutumia katika kundi la watu waliochanganyika bila ya kuwauliza ni kumtwika mtu mwingine shujaa asiyekuwa wake. Pengine lililo la kufundishika si utendi wenyewe bali umbo lake: kila mtu alete tambo la kwao, lisikilizwe, liitikiwe na wote.

Utungo ni wa Nani?

Suala gumu zaidi ni la umiliki wa sauti. Huko Bukavu, Hospitali ya Panzi, iliyoasisiwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu maelfu ya wanawake waliobakwa vitani. Katikati ya miaka ya 2010 shirika la Make Music Matter la Kanada lilianzisha huko, kwa kushirikiana na Panzi, mpango uitwao Healing in Harmony. Katika mpango huo mshauri nasaha na mtayarishaji wa muziki walikaa pamoja na washiriki, washiriki wakatunga nyimbo, nyimbo zikarekodiwa studioni na baadhi yake zikasambazwa. Ubora wa mpango huu ni kwamba ulimweka mtaalamu wa roho na mtaalamu wa sauti katika chumba kimoja, na kumwita mshiriki msanii badala ya mgonjwa. Kubadili jina si jambo dogo. Mgonjwa hupokea, msanii hutoa.

Swali la mhakiki huanza pale mkanda unapotoka studioni. Wimbo ulioimbwa mbele ya wenzako kumi na wimbo unaosikika redioni si utungo mmoja, ingawa maneno hayakubadilika. Hadhira imebadilika, na katika fasihi simulizi hadhira ni sehemu ya utungo. Miongoni mwa hadhira mpya yumo jirani, mkwe, na pengine aliyetenda ubaya. Yumo pia mfadhili wa mbali. Chérie Rivers Ndaliko (2016), akiandika juu ya Goma na kituo cha Yole!Africa, alionyesha jinsi misaada inavyoweza kuagiza sanaa yenye ujumbe uliokwisha kuamuliwa, hadi msanii akajifunza kutunga kile kinacholipiwa. Katika hali hiyo "mgeni njoo" hugeuka: mwenyeji humponya mgeni kwa kumpa hadithi aliyoijia.

Kinga ya jadi dhidi ya hatari hii ni fumbo. Mbolezi hazielezi kila kitu. Nyimbo za wanawake wa pwani zimesema makubwa kwa kutaja ndege, mti na bahari. Fumbo humwezesha mwimbaji kusema na kutosema kwa wakati mmoja: ajuaye ataelewa, asiyejua atasikia habari ya ndege. Mkufunzi aliyeaminishwa kwamba kupona ni kusimulia kila kitu waziwazi ataliona fumbo kuwa ukaidi, naye atalibomoa. Ushahidi wa kitabibu haumuungi mkono. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2002 hayakuona kwamba kumhoji mtu mara moja tu juu ya tukio la kutisha humkinga na madhara ya baadaye, na yalionya kwamba huenda kukamdhuru. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 juu ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia nao wasisitiza kwamba mtu asilazimishwe kusimulia.

Kuna pingamizi la haki dhidi ya hoja yetu. Fumbo linaweza kumstiri mkosaji. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya uhalifu mkubwa uliotendwa Kongo kati ya mwaka 1993 na 2003, na Mukwege, katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alilalamika kwamba ripoti hiyo imeachwa bila kufanyiwa kazi. Watu hao wanastahili maneno ya wazi. Twakubali. Lakini maneno ya wazi yana mahali pake, nako ni mahakamani na katika tume, ambako msemaji hulindwa kwa sheria na ushahidi wake humtia mtu hatiani. Wimbo usifanywe badala ya mahakama ambayo haijaundwa. Kumtaka mwanamke ayaimbe yaliyompata ili ulimwengu uamke ni kumtwika kazi iliyowashinda wenye nguvu. Akiamua mwenyewe kuyaimba, hilo ni tendo la ushujaa. Akiagizwa, ni jeraha la pili.

Mfano wa Rwanda watufaa kulinganisha. Mwaka 2004 Odile Gakire Katese alianzisha Butare kundi la wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, katika nchi ambayo kwa desturi ngoma hizo zilipigwa na wanaume. Ndani yake walikaa pamoja wajane wa mauaji na wake wa waliotuhumiwa kuua. Kazi yao haikuwa kutoa ushuhuda bali kupiga ngoma kwa pamoja, jambo lisilowezekana bila ya kumsikiliza aliye kando yako. Maneno, ikiwa yangekuja, yangekuja baadaye na kwa hiari.

Mganga Hajigangi

Limebaki suala la mkufunzi mwenyewe. Miongozo iliyotolewa mwaka 2007 na kamati ya mashirika ya kimataifa ya misaada, IASC, huupanga msaada wa kisaikolojia kama piramidi. Watu wengi huhitaji usalama, chakula na kuungwa mkono na jamaa. Wachache walio kileleni ndio wanaohitaji mtabibu. Msanii mwenyeji mahali pake ni katika ngazi za kati. Mafunzo ya haki humwonyesha mpaka huo waziwazi: ajue anachoweza, na ajue ni nani wa kumpeleka mtu aliyemzidi. Warsha fupi inayomvisha cheo cha mtabibu humdhulumu yeye na watakaomjia.

Tena yeye naye ni mfiwa. Alikuwa Goma usiku ule ule, alikimbia kwa barabara ile ile. "Mganga hajigangi," wasema Waswahili, na methali hii mara nyingi hufasiriwa kama kejeli kwa mganga. Tunaamini ina maana nzito zaidi: hata mwenye ujuzi huhitaji mkono wa mwingine. Mafunzo yanayoisha kwa cheti na picha, bila ya mzee wa kazi wa kumrudia mwanagenzi kila baada ya muda, hayajafikia kiwango cha vijana wale waliompigia ala Candi Rureke, ambao walikuwa na bwana wao kando yao siku zote 12.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mafunzo ya sanaa katika nchi za vita ni suala la fasihi kabla ya kuwa suala la fedha. Yanahitaji mtu anayejua historia ya utendaji wa kila wimbo, anayeheshimu fumbo, anayetofautisha hadhira ya uani na hadhira ya redioni, na anayejua kufunga alichokifungua. Ujuzi huo ndio tunaodai kuufundisha vyuoni. Idara zetu za fasihi na Kiswahili zina wanafunzi watokao Kivu, na wengine watokao kambi za wakimbizi zilizomo nchini mwetu. Wanapofika darasani tunawafundisha kuainisha hodiya, nyiso na mbolezi, kisha tunawatahini kwa uainishaji huo. Ni mara chache tunawauliza ni wimbo upi hawawezi tena kuusikia, na kwa nini.

Hatusemi kwamba mgeni asije. Methali yamruhusu wa mbali kuingia kilioni, tena kilio kisicho na wa mbali ni kilio cha upweke. Inachotaka ni asubiri sauti ya kwanza, na akishaisikia, aiitikie kwa lahani ile ile aliyoikuta.